Je, Wajua? Treni, Ndege na Gari Kwenda Nachingwea na Ruangwa

Je, wajua kwamba kuna wakati baba wa familia pale Nachingwea angeweza kuuliza, "Safari hii twende na nini: treni, ndege au gari?" na swali lake likawa na maana? Katikati ya miaka ya 1950 mji huo wa Jimbo la Kusini ulikuwa na vyote vitatu, na miji mingi mikubwa kuliko huo haikuwa navyo. Tusidanganyane, waliokuwa na nauli ya kuchagua walikuwa wachache, na wengi wa wachache hao hawakuwa Wamwera, wenyeji wa huku. Lakini chaguo lilikuwepo. Leo anayepanga likizo ya kuwapeleka watoto kwa bibi Nachingwea au Ruangwa anapanga gari, na akishapanga gari anapanga gari la kuunganisha. Yafuatayo ni ya kujua kabla hamjafunga mabegi. Mengine yatakusaidia, mengine ni ya kupigia soga njiani, maana njia ni ndefu.

Treni ililetwa na karanga. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula, na serikali yake ikaja na mpango wa kulima karanga kwenye eka zaidi ya milioni 3 za Afrika ya Mashariki na Kati. Tanganyika ilitengewa maeneo matatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwenye makaratasi ya mwanzo, sehemu kubwa kuliko zote ilikuwa huku Kusini. Tatizo ni kwamba huku Kusini hapakuwa na reli, wala bandari yenye kina cha kutosha kwa meli kubwa. Basi vikajengwa vyote. Mwaka 1949 njia ya reli ilianzia Mkwaya, kwenye mkono wa bahari karibu na Lindi, ikapanda bara hadi Nachingwea. Kisha kazi ikahamia Mtwara, ambako bandari mpya na reli yake vilikamilika mwaka 1954.

Sasa angalia tarehe. Mpango wa karanga ulifutwa Januari 1951. Yaani bandari na reli vilikamilika miaka mitatu baada ya mzigo uliovijengea kufa. Uingereza ilifuta pauni milioni 36 kwenye vitabu vyake, na karanga zilizovunwa zikawa chache kuliko mbegu zilizoagizwa. Treni iliendelea kutembea kwa miaka michache ikibeba kilichopatikana, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilipofungwa na mataruma yakang'olewa. Mtwara ikabaki na bandari yake nzuri, na Nachingwea ikabaki na kumbukumbu. Ukiniuliza mimi, kati ya hasara zote za mradi ule, iliyowauma wananchi zaidi ni hiyo ya kung'oa reli, kwa sababu ndicho kitu pekee ambacho wangekitumia hata pasipo karanga.

Je, wajua kwamba Nachingwea hadi leo ina kata inayoitwa Stesheni? Ukimwambia mwanao kwamba mnashukia Stesheni, jiandae kujibu maswali.

Na kuna mtego mwingine wa majina. Ndani ya Wilaya ya Ruangwa nako kuna kata inaitwa Nachingwea. Ukituma mzigo, au ukimwelekeza dereva ambaye si wa huku, taja wilaya na kata kwa pamoja. Wilaya zenyewe ni mama na mtoto, kwani Ruangwa ilizaliwa mwaka 1995 ikitokea upande wa Nachingwea, na kwenye korosho hazijaachana: chama kikuu cha ushirika cha RUNALI kimechukua jina lake kutoka Ruangwa, Nachingwea na Liwale.

Ndege, je? Fungua orodha ya viwanja vya ndege duniani utaikuta Nachingwea ina herufi zake tatu, NCH, kama vile Dar es Salaam ilivyo na DAR. Masasi ni XMI, Lindi ni LDI, Mtwara ni MYW, Kilwa Masoko ni KIY. Kiwanja cha Nachingwea nacho ni mtoto wa karanga, na zamani ndege za East African Airways zilikuwa zikitua hapo kwa ratiba. Siku hizi usitafute tiketi ya NCH. Ndege ya abiria ya kuaminika kwa familia inayokwenda huku ni ile ya Dar es Salaam hadi Mtwara, safari ya kama saa moja hewani, halafu mnashuka na kuanza safari ya pili kwa gari: Mtwara hadi Mingoyo, Mingoyo kuelekea Masasi. Ni zaidi ya kilomita 200 bado. Kwa hiyo ukisikia mtu anajigamba kwamba "amepanda ndege kwenda Nachingwea", mwulize alishukia wapi.

Hesabu ya ndege kwa wenye watoto ni rahisi kuikosea. Kwa kawaida ya mashirika ya ndege, mtoto ambaye hajatimiza miaka 2 hupakatwa na hulipiwa sehemu ndogo tu ya nauli, lakini hana kiti. Akitimiza miaka 2 katikati ya likizo, tiketi ya kurudi inaweza kuwa habari nyingine. Tazama tarehe ya kuzaliwa kabla ya kutazama bei.

Barabara sasa, maana hapo ndipo wengi wetu tulipo.

Je, wajua kwamba kabla ya tarehe 2 Agosti 2003 gari lililotoka Dar es Salaam kwenda Kusini lilikuwa linasubiri kivuko kwenye Mto Rufiji pale Ndundu? Siku hiyo ndipo lilipozinduliwa Daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970. Rais Benjamin Mkapa mwenyewe alikuwa mtu wa Lupaso, Masasi, jirani kabisa na Nachingwea, na watu wa Kusini hawahitaji kuelezwa kwa nini jina lile liko pale. Lakini daraja halikumaliza mambo. Kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita 60 tu, kilichelewa kupata lami kwa miaka mingi, na wakati wa mvua kilomita hizo 60 zilikuwa na uwezo wa kula muda kuliko nyingine zote za safari. Waulize watu wazima wenye asili ya Lindi: kila mmoja ana usiku wake wa kulala porini na basi limezama kwenye tope, na kila mmoja atakwambia ule wa kwake ndio ulikuwa mbaya zaidi.

Mvua yenyewe ina adabu zake. Mwambao wa kaskazini una vuli na masika, lakini Lindi na Mtwara zina msimu mmoja mrefu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Maana yake likizo ya shule ya Desemba inaangukia mvua zinapoanza, na ile ya Juni inaangukia ukavu. Mwenye kuchagua achague Juni. Mwenye kutaka korosho mpya avumilie mwisho wa mwaka, kwani mavuno yake hushika kasi kuanzia Oktoba, na ndipo malori ya korosho yanapojaa barabarani kuelekea bandari ya Mtwara.

Mwaka 2024 ulikumbusha kila mtu kwamba lami peke yake haitoshi. Mwanzoni mwa Mei, mvua na kimbunga Hidaya vilibomoa barabara ya Dar es Salaam–Lindi eneo la Somanga, na Kusini kukakatika na Dar es Salaam kwa siku kadhaa. Je, wajua njia nyingine ya lami iko wapi? Kutoka Masasi unakwenda Mangaka, Tunduru, Namtumbo, Songea, kisha Njombe, Iringa, Morogoro ndipo Dar es Salaam. Umezunguka nusu ya nchi. Inafaa tu uijue, na uwe na akiba ya nauli ya dharura, hasa kama watoto wanatakiwa shuleni Jumatatu.

Njia ya kawaida, kwa ajili ya anayeendesha mwenyewe kwa mara ya kwanza, ni hii: Mbagala, Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri, daraja, Somanga, Nangurukuru, Lindi. Ukifika Mnazi Mmoja pale Mingoyo, usifuate wanaokwenda Mtwara, bali shika ya Masasi: Mtama, Nyangao, Nanganga. Hapo Nanganga amua. Ukikunja kulia unaingia Ruangwa baada ya kama kilomita 53, kipande kilichojengwa kwa lami miaka hii ya karibuni, na ukiendelea mbele ya Ruangwa unafika Nachingwea kwa mlango wa nyuma. Ukinyoosha unapita Ndanda na kufika Masasi, halafu unakunja kwenda Nachingwea, kilomita 45 hivi. Kwa anayekwenda Nachingwea njia hizi mbili hazipishani sana kwa umbali, basi uliza hali ya barabara siku hiyo, au angalia ni shangazi yupi atakayenuna msipompitia.

Mkipita Ndanda waambieni watoto kwamba hospitali ile ya wamisionari Wabenediktini imezalisha Wanakusini wasiohesabika. Na mkipita maeneo ya Nyangao na Mahiwa, waambieni kwamba katikati ya Oktoba 1917 hapo palipiganwa moja ya mapigano makali kuliko yote ya Vita vya Kwanza vya Dunia katika Afrika ya Mashariki, Waingereza dhidi ya jeshi la Wajerumani la Paul von Lettow-Vorbeck. Waliokufa kwa pande zote mbili wengi walikuwa Waafrika.

Sambamba na safari yenu kuna kitu kingine kinasafiri chini ya ardhi. Tangu Oktoba 2015 gesi ya Mtwara inapita kwenye bomba la zaidi ya kilomita 500 kutoka Madimba hadi Kinyerezi, Dar es Salaam, na sehemu kubwa ya safari yake inafuata upande huuhuu wa pwani. Gesi haisubiri abiria wajae.

Mabasi ya Kusini huondokea Mbagala, na kwa miaka mingi sheria iliyataka mabasi ya abiria nchini yalale njiani ikifika usiku. Hilo lilibadilika mwaka 2023, serikali iliporuhusu mabasi kutembea saa 24. Tangazo lilitolewa bungeni na Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, ambaye alikuwa pia mbunge wa Ruangwa. Usiku kuna faida moja kwa wenye watoto wadogo: wanalala. Ila mchana kuna faida ya kuona njia, na kuna Nangurukuru, ambapo basi likisimama, madirisha hujaa mikono yenye vyakula kabla dereva hajashuka. Kwa anayeendesha, kumbuka hamsini kwenye vijiji. Vijiji vya njia hii ni vingi, na askari wenye tochi wanavijua vyote.

Na wale wa kabla ya magari? Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA, yule aliyefanya kazi kubwa ya kuandika sarufi na tafsiri za Kiswahili kule Zanzibar, alishukia Lindi na kundi la watumwa waliokombolewa, akawaongoza kwa miguu kwenda bara. Nia ilikuwa kuwafikisha mbali zaidi, kuelekea nchi za Ziwa Nyasa walikotoka wengi wao. Walipofika Masasi wakasema basi, hapa panatosha, wakajenga. Huenda ndiyo safari ya kwanza ya kifamilia kwenye njia hii ambayo abiria ndio waliokata shauri mwisho wake uwe wapi.

Miaka mia moja kabla yake safari zilikuwa za kwenda tu, bila kurudi. Septemba 1776 mfanyabiashara Mfaransa, Jean-Vincent Morice, aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kununua watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Ufaransa katika Bahari ya Hindi. Watu hao walitolewa bara ya Kusini na kuteremshwa pwani kwa minyororo. 

Abiria mrefu kuliko wote aliyewahi kutoka Mkoa wa Lindi alisafiri kwa vipande. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kule Tendaguru, na wapagazi wakaibeba mabegani na vichwani hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku kadhaa kila mzigo, halafu ikapakiwa melini. Leo dinosaria mmoja kati ya hao amesimama Berlin akiwa na urefu wa zaidi ya mita 13. Nauli ya kurudi bado inajadiliwa.

Tukiwa Ulaya tuulize: wenzetu wa Ufaransa wanapangaje? Treni yao ya kasi, TGV, ilianza Paris hadi Lyon Septemba 1981. Kutoka Paris hadi Marseille ni kama kilomita 750, na familia inafika kwa saa tatu na ushee. Dar es Salaam hadi Nachingwea ni kama kilomita 600, na mchana wote unakwisha. Mwaka 2023 Ufaransa hata ilipiga marufuku safari za ndege za ndani pale ambapo treni inafika kwa chini ya saa mbili na nusu, kama Paris hadi Lyon. Sheria hiyo ikiletwa Nachingwea haitamsumbua mtu yeyote.

Lakini treni ya umeme tunayo, ila ni ya wanaokwenda upande mwingine. Treni ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, kisha Dodoma wiki chache baadaye, kwa nauli ya kuanzia shilingi 13,000 na 31,000. Mtoto wa chini ya miaka 4 halipi, na wa miaka 4 hadi 12 analipa nusu. Ufaransa nako punguzo la watoto kwenye treni huanzia miaka 4. Kama bibi wa Ruangwa anataka kumtembelea mwanawe Dodoma, mpango mzuri ni basi hadi Dar es Salaam, alale, asubuhi apande treni. Reli ya Kusini yenyewe, kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay kwenye Ziwa Nyasa, yenye matawi ya kwenda kwenye makaa ya Mchuchuma na chuma cha Liganga, imo kwenye mipango ya serikali kwa miaka mingi. Ruangwa nayo sasa ina mgodi wa madini ya kinywe huko Matambarale, kwa hiyo safari hii mzigo upo kabla ya reli.

Je, wajua nani wa Ruangwa anashikilia rekodi ya safari zenye vituko? Namungo FC. Timu ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2019/20, ikashika nafasi ya nne papo hapo, na tarehe 2 Agosti 2020 ikacheza fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam dhidi ya Simba kule Sumbawanga, pembe ya nchi iliyo mkabala kabisa na nyumbani kwao. Ilifungwa 2-1, lakini ikapata tiketi ya Afrika. Ikaitoa Al-Rabita ya Sudan Kusini, ikaitoa Al-Hilal Obeid ya Sudan. Februari 2021 ikaruka kwenda Angola kucheza na 1º de Agosto, na huko Luanda ikazuiliwa kwa sababu ya masharti ya korona, mechi ikafutwa. Shirikisho la Soka la Afrika likaamua mechi zote mbili zichezwe Dar es Salaam, Namungo ikapita kwa jumla ya 7-5. Makundi yakaipeleka mbele ya Raja Casablanca ya Moroko, Pyramids ya Misri na Nkana ya Zambia. Mji ambao hauna ndege ya ratiba ukawa na wachezaji wenye pasipoti zilizojaa mihuri.

Turudi kwenye karanga: mradi ulipokufa, mashamba yake yalipata wageni wengine. Frelimo ilipewa eneo Nachingwea, likajulikana kama Farm 17, na kuanzia katikati ya miaka ya 1960 wapiganaji wa Msumbiji walifunzwa hapo chini ya Samora Machel. Kongwa nayo, shamba jingine la karanga, ilipokea wapigania uhuru wa nchi kadhaa. Mei 1975 Machel aliondoka kusini mwa Tanzania, akavuka Ruvuma na kuzunguka nchi yake mkoa kwa mkoa hadi Maputo, alikofika kwa ajili ya uhuru wa tarehe 25 Juni.

Kama bado mna nguvu na gari lina afya, familia inaweza kufika Msumbiji. Kutoka Nachingwea mnapita Masasi na Mangaka hadi Mtambaswala, kwenye Daraja la Umoja, mita 720 juu ya Mto Ruvuma, lililofunguliwa Mei 2010 na Marais Jakaya Kikwete na Armando Guebuza. Ng'ambo ya pili ni Negomano, palepale ambapo Lettow-Vorbeck alivukia Novemba 1917 akikimbia Waingereza, bila daraja. Mtanzania anaingia Msumbiji bila viza kwa matembezi, ila kila mmoja aonyeshe hati yake ya kusafiria, na mtoto anayepakatwa naye anahesabiwa. Ofisi ya Uhamiaji ya mkoa iko Lindi mjini, kwa hiyo shughulikieni hati mkiwa njiani mnakuja, kabla ya kukunja Mnazi Mmoja.